KWA NINI PANGA MOJA HUPINDA NA JINGINE HUVUNJIKA
Somo juu ya umbo la ndani la chuma

Katika soko la Kibuye, mjini Kisumu, mapanga huuzwa yakiwa yamepangwa safu safu, na kwa kuyatazama tu yote ni ndugu. Yana urefu mmoja, uzito mmoja na rangi moja. Lakini mkulima ayapelekapo shambani hutambua ya kuwa si ndugu hata kidogo. La kwanza hupinda likigonga shina la mti, wala halirudi. La pili hukata vizuri siku mbili, kisha likigusa jiwe huvunjika vipande viwili kama chungu. La tatu hukata msimu mzima. Huinama kidogo na kujinyosha, na jioni hutaka kupitishiwa tupa mara chache tu.

Watu husema ya kuwa la tatu ni la chuma kizuri, na hayo mawili ni ya chuma kibaya. Neno hilo ni kweli nusu tu. Yamkini mapanga yote matatu yalitoka katika springi moja ya lori kuukuu, yakafuliwa juu ya fuawe moja. Tofauti yao haimo katika chuma kilichotumika, bali katika jinsi sehemu ndogo za chuma hicho zilivyopangwa ndani. Na mpango huo huwekwa na moto, nyundo na maji. Mtu aujuaye mpango huo hununua kwa akili, hufua kwa akili, na huweza kujiepusha na ajali iliyo kubwa kuliko kuvunjika kwa panga.

CHUMA KINA PUNJE

Ukikitazama chuma kilichopigwa tupa huona kitu kimoja kilicho laini kama maji yaliyotulia. Lakini kivunje kipande cha chuma cha kusubu, yaani kile kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu, ukatazame pale kilipovunjikia. Utaona mng'aro wa vitu vidogo vidogo kama chumvi ya mawe. Hizo ni dalili za punje za chuma.

Kila punje ni mkusanyiko wa chembe zisizoonekana kwa macho, zilizojipanga kwa mistari iliyonyoka. Mfano wake ni mashamba ya mpunga ya Ahero, katika uwanda wa Kano. Ndani ya shamba moja miche imepandwa kwa mistari. Katika shamba la jirani mistari pia ipo, lakini imeelekea upande mwingine. Palipo na tuta kati ya mashamba hayo mawili, mistari ya huku haikutani sawasawa na mistari ya huko. Ndivyo zilivyo punje za chuma: kila moja ina mistari yake, na kati yake na jirani upo mpaka. Tofauti ni ukubwa tu, kwa maana punje nyingi za chuma zina upana wa sehemu ya kumi hadi sehemu ya mia ya milimita moja.

Mtu wa kwanza kuichunguza feleji kwa njia hii alikuwa Henry Clifton Sorby, wa mji wa Sheffield, Uingereza. Mwaka 1863 alichukua kipande kidogo, akakisugua mpaka kikang'aa kama kioo, akakipaka asidi hafifu, kisha akakitazama kwa darubini ya kukuzia vitu vidogo. Asidi ilikuwa imekula zaidi penye mipaka, na punje zikaonekana wazi. Hata leo wataalamu wa madini hufuata njia hiyo hiyo, ingawa vyombo vyao vimekuwa na nguvu nyingi zaidi.

JINSI CHUMA KINAVYOPINDA

Yafaa msomaji ajiulize: chuma kilicho kigumu hivyo huwezaje kupinda bila kukatika? Jibu laweza kupatikana katika mkeka mkubwa uliotandikwa sakafuni. Mtu mmoja akishika ukingo wake na kuuvuta wote kwa mara moja, hushindwa. Lakini akifanya mkunjo mdogo upande mmoja na kuusukuma mkunjo huo mpaka upande wa pili, mkeka wote husogea kidogo, naye hakutumia nguvu nyingi. Ndani ya punje za chuma mna mikunjo ya namna hiyo, mahali ambapo mstari wa chembe umekosea nafasi yake. Chuma kikipindwa, mikunjo hiyo hutembea. Mwaka 1934 wataalamu watatu, Taylor, Orowan na Polanyi, walieleza jambo hili, kila mmoja kwa njia yake.

Basi kila kitu kinachozuia mikunjo isitembee hukifanya chuma kuwa kigumu. Mpaka kati ya punje mbili ni kizuizi kizuri, kwa kuwa mkunjo ufikapo hapo hukuta mistari imegeuka. Kwa hiyo punje zikiwa ndogo, mipaka huwa mingi, na chuma huwa na nguvu zaidi. E. O. Hall, mwaka 1951, na N. J. Petch, mwaka 1953, walionyesha kwa hesabu jinsi nguvu inavyozidi kadiri punje zinavyopungua ukubwa.

Hapa ndipo mhunzi anapopaswa kuwa mwangalifu. Chuma kikiachwa motoni muda mrefu kikiwa cheupe kwa joto, punje kubwa humeza ndogo, kama tajiri anunuavyo mashamba ya majirani wote. Kwa nje hakuna kilichobadilika, lakini ndani mipaka imepungua, na chombo kitakachofuliwa humo kitavunjika mapema. Dawa ipo: kukirudisha katika wekundu wa kadiri na kukiacha kipoe hewani, nacho huzaa punje mpya zilizo ndogo.

Jaribio dogo laweza kufanywa nyumbani. Chukua waya mnene wa chuma, uupinde na kuunyosha, tena na tena mahali pale pale. Utasikia mkononi ya kuwa kila mara unazidi kukataa, na mwisho hukatika. Kupinda kumezaa mikunjo mingi mno, nayo imezuiana kama magari yaliyokutana katika daraja jembamba. Lakini kama kabla ya kukatika ungeutia motoni mpaka ukawa mwekundu, kisha ukauacha upoe polepole, ungekuwa mlaini tena.

NDUGU WA CHUMA AITWAYE KABONI

Chuma kitupu ni laini mno kwa kazi ya panga. Kinachokigeuza kuwa feleji ni kaboni, kitu kile kile kilicho katika makaa ya kupikia. Na kiasi kinachohitajika ni kidogo cha kushangaza.

Chuma laini cha nondo nyingi, mabati na misumari aghalabu kina kaboni chini ya 0.3 kwa mia. Springi ya lori ina karibu 0.5 au 0.6 kwa mia. Reli, kama zile zilizofika Port Florence, ndio Kisumu ya leo, mwezi wa Desemba 1901, hufanywa kwa chuma cha kaboni ya kadiri na zaidi, ili zistahimili msuguano wa magurudumu. Tupa huwa na 1 kwa mia au kupita kidogo. Kaboni ikizidi 2 kwa mia hapo ni chuma cha kusubu, kigumu lakini chepesi kuvunjika, kifaacho kwa jiko na kwa kitako cha mashine, lakini si kwa shoka.

Feleji iliyopoa polepole ikitazamwa kwa darubini huonyesha matabaka membamba sana: tabaka la chuma laini, kisha tabaka la kiwanja kigumu cha chuma na kaboni, kisha laini tena, mamia kwa mamia. Sorby aliona ya kuwa matabaka hayo hung'aa kama upande wa ndani wa kombe la chaza wa lulu, na kwa sababu hiyo yakaitwa perlaiti. Tabaka gumu huleta nguvu, na tabaka laini huzuia ufa usikimbie. Feleji yenye kaboni karibu 0.8 kwa mia huwa ya perlaiti tupu.

KAZI YA MOTO NA MAJI

Sasa twaweza kurudi kwa yale mapanga matatu na kuona kilichotendeka.

Chuma kikipashwa moto hufika mahali ambapo chembe zake hujipanga upya. Kwa chuma kitupu ni penye digrii 912 za Sentigredi. Kwa feleji badiliko huanza penye digrii 727. Mpango huo mpya una nafasi ya kupokea kaboni nyingi zaidi, hata ile perlaiti ikayeyuka ndani yake kama chumvi katika mchuzi. Kikiachwa kipoe polepole, kaboni hutoka tena na kujenga matabaka yake. Panga la kwanza liliachwa lipoe hivyo, wala halikutiwa maji. Ndiyo sababu lilipinda.

Lakini kikitoswa majini au mafutani kikiwa bado chekundu, kaboni haipati muda wa kutoka. Hunaswa humo, na mistari ya chembe huvutwa na kupindwa kwa nguvu mpaka mikunjo haiwezi kutembea tena. Hali hiyo huitwa martensaiti, kwa heshima ya Mjerumani Adolf Martens. Hukwaruza kioo. Lakini ugumu si uimara: ugumu ni kukataa kukwaruzwa, na uimara ni kustahimili pigo bila kuvunjika. Panga la pili liliachwa katika hali hiyo, nalo likavunjika kwa jiwe la kwanza.

Panga la tatu lilipata hatua iliyosalia. Baada ya kutoswa, fundi alilisugua likang'aa, kisha akalipasha moto tena kwa upole, huku akitazama rangi zinazopita juu ya uso wake. Kwanza hutokea rangi ya majani makavu, karibu digrii 230; kisha kahawia, karibu 260; kisha zambarau, karibu 280; kisha buluu, karibu 300. Katika joto hilo sehemu ya kaboni iliyonaswa hujitoa kidogo kidogo, na chuma hupunguza ugumu ili kipate uimara. Kisu cha kukatia nyama huishia kwenye rangi ya majani makavu au kahawia. Panga na shoka, ambavyo hupigwa kwa nguvu, husogezwa mpaka zambarau au buluu.

Mafundi wengi hupima joto la kwanza kwa sumaku. Feleji ikipita digrii 770 huacha kuvutwa na sumaku. Basi fundi akiona haivutwi, huongeza moto kidogo tu, kisha huitosa. Springi za lori aghalabu hutaka mafuta badala ya maji, kwa maana maji huipoza upesi mno hata ikapasuka. Na chombo cha mafuta kiwe cha chuma, chenye kifuniko karibu, kwa sababu mafuta yaweza kushika moto.

WAHUNZI WA KANDO YA ZIWA

Maarifa haya hayakuja na gari la moshi. Katika milima ya Samia, karibu na ziwa na mpaka wa Uganda, mawe yenye chuma hupatikana, na wahunzi wa Kisamia walisifika mbali kwa majembe yao. Tanuru la makaa halikuwa na joto la kuyeyusha chuma chenyewe, kwa kuwa hilo lahitaji digrii 1,538. Uchafu wa mawe ndio ulioyeyuka na kutiririka, na chuma kikabaki bonge lenye matundu, ambalo mhunzi alilipiga mara nyingi ili kuukamua uchafu uliosalia. Kila pigo lilifanya kazi mbili, yaani kusafisha na kupanga punje.

Ng'ambo ya magharibi ya ziwa, katika nchi ya Buhaya, Mkoa wa Kagera nchini Tanzania, wazee waliokumbuka kazi hiyo walijenga tena tanuru katika miaka ya 1970 mbele ya wataalamu Peter Schmidt na Donald Avery. Shimo la chini lilijazwa majani ya kinamasi yaliyochomwa, na mabomba ya udongo ya mifuo yaliingizwa ndani kabisa ya tanuru. Mwaka 1978 wataalamu hao walichapisha habari zake: tanuru lilitoa chuma chenye kaboni ya kutosha kuitwa feleji, na mabaki ya matanuru ya kale yaliyochimbuliwa katika nchi hiyo yalikuwa na umri wa miaka 1,500 hadi 2,000. Wazee hao hawakuwa na darubini, lakini waliitambua kazi ya makaa kwa matokeo yake.

MELI NA BARIDI

Meli kubwa za ziwa ziliundwa Uingereza, zikafunguliwa vipande vipande, kila kipande kikiwa na alama yake, zikaletwa kwa bahari na reli, na kuunganishwa tena Kisumu. Ndivyo ilivyokuja meli ya Victoria, iliyoanza kazi mwaka 1961. Katika meli za zamani mabamba yalifungwa kwa riveti, yaani misumari minene iliyopigwa kichwa ikiwa myekundu. Ilipopoa ilijikaza na kuyabana mabamba. Riveti ilipaswa kuwa ya chuma laini. Ingekuwa ya feleji ngumu, kichwa chake kingeruka.

Kwamba chuma chaweza kubadili tabia bila mtu kukigusa, ulimwengu ulifundishwa tarehe 16 Januari 1943. Usiku huo meli mpya ya mafuta iitwayo Schenectady, iliyokuwa imetulia gatini Portland, Marekani, ilikatika katikati ghafula kwa kishindo, na wala hapakuwa na dhoruba. Meli nyingine za wakati ule wa vita zilipata nyufa za namna hiyo. Dakta Constance Tipper, wa Chuo Kikuu cha Cambridge, alionyesha ya kuwa chuma cha mabamba hayo, ambacho hupinda vizuri katika joto, huvunjika kama kioo kikipata baridi, kwa maana katika baridi ile mikunjo yetu ya mkeka huona taabu kutembea. Isitoshe, meli hizo zilikuwa zimeunganishwa kwa kulehemu. Penye riveti ufa huishia ukingoni mwa bamba. Penye kulehemu meli nzima huwa kama bamba moja, na ufa hupata njia wazi. Maji ya ziwa letu hayafikii baridi ya kuleta hatari hiyo, lakini funzo la pili, juu ya kulehemu, latuhusu sana.

HATARI ILIYO BARABARANI

Springi ya lori au ya matatu ikikatika, mwenye gari hutaka iunganishwe upesi na kwa bei nafuu. Fundi wa kulehemu huweza kuiunganisha kwa dakika chache, na kazi ikaonekana safi. Lakini tumekwisha kuona ya kuwa springi ina kaboni nyingi. Pembeni mwa mstari wa kulehemu chuma kilipata wekundu, kisha kikapozwa ghafula na chuma baridi kilichokizunguka, kana kwamba kimetoswa majini. Hapo huzaliwa ukanda mwembamba wa martensaiti, mgumu na mwepesi wa kuvunjika, uliofichwa chini ya rangi. Gari likijaa abiria na kuingia shimoni, ufa huanzia hapo. Springi iliyokatika haifai kulehemiwa, sharti ibadilishwe.

Nondo za ujenzi nazo zina siri yake. Nyingine zilipata nguvu kwa kusokotwa zikiwa baridi, na nyingine kwa kupozwa nje kwa maji kiwandani, hata zikawa na ganda gumu na moyo laini. Fundi anayezichoma moto ili azipinde kwa urahisi huondoa nguvu hiyo, na mhandisi aliyepiga hesabu ya nyumba hana habari. Nondo hupindwa zikiwa baridi, kwa mkunjo wa mviringo usio mkali.

Na patasi ya kukatia chuma ikitanuka kichwa kama uyoga, isagwe ukingo wake. Kila pigo la nyundo limekigandamiza na kukigumisha kichwa hicho, kama ule waya uliopindwa. Siku moja kipande huruka, na aghalabu hulifuata jicho.

SI CHUMA PEKE YAKE

Kanuni hii hutawala vitu vyote vinavyojengewa. Mama mfinyanzi wa Nyanza achanganyapo mchanga au vigae vilivyopondwa katika udongo, aweka vizuizi vya kuusimamisha ufa mdogo kabla haujawa mkubwa. Na vitundu vidogo vilivyobaki baada ya kuchoma hupitisha unyevu kidogo kidogo, nao ukikauka hupoza maji ya mtungi. Vigae vya kale vya Urewe, katika nchi ya Siaya, vilivyoelezwa na wataalamu mwaka 1948, vyashuhudia ya kuwa ufinyanzi wa kando ya ziwa ni kazi ya zamani sana. Kwa kila kitu, swali la kwanza ni kimefanywa kwa nini; la pili, lisilo dogo kuliko la kwanza, ni ndani yake kimepangwaje.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Mapanga mawili yametoka katika springi moja. Moja hupinda na jingine huvunjika. Eleza kila moja lilikosa hatua gani.

2. Kwa nini punje ndogo hukifanya chuma kuwa na nguvu kuliko punje kubwa?

3. Mhunzi ametosa shoka mafutani, naye ataka kuliuza papo hapo. Afanye nini kwanza, na atazame rangi gani?

4. Jirani yako ana matatu, na springi yake imekatika. Fundi amwambia ya kuwa mia chache zatosha kuilehemu. Utamweleza nini kabla hajapakia abiria?